Pole Haipikwi

Jumatatu, 6 Oktoba

Sista Wambeti wa kliniki ameniambia niandike. Ati presha yangu inapanda kwa sababu naweka maneno rohoni, sasa niyatoe kwa kitabu. Nikamwambia mimi maneno siweki rohoni, nayatoa kwa mdomo, uliza mtu yeyote hapa Nchiru. Akasema bado andika. Naandika Kiswahili kwa sababu yeye ni wa Mbeere, Kimeru chetu hakisomi, na Kiingereza tuliachana nacho darasa la nne bila kuagana.

Haya. Mimi ni Ntinyari, mjane, mwenye ng'ombe mmoja, shamba, na ploti ya vyumba vya mabati ambavyo wanafunzi wa chuo wamepanga. Ni wachafu. Mvua haijakuja. Mbegu ya maharagwe iko kwa debe inaniangalia.

Kinachonipandisha presha ni hiki. Mjukuu wangu Nkirote, niliyemlea tangu tuzike mama yake, alimaliza chuo mambo ya kompyuta. Kazi hakupata. Sasa ghala langu la mahindi amelifanya karakana, na humo anatengeneza sanduku la gemu. Hanunui, anatengeneza. Kitu chenyewe ni kidogo, mche wa sabuni haungetosha ndani. Unakiunganisha na TV, halafu mtu mzima mwenye ndevu anashika padi kwa mikono miwili na kuchezesha vidole kama anayepukuchua maharagwe, na mwisho wake hakuna maharagwe. Amekiita Kirimara, jina la mlima wetu. Mlima bado haujalalamika.

Anasema wenye vibanda vya gemu wa Meru na Embu wakikichukua, atabaki nyumbani. Krismasi ikifika hawajakichukua, anaenda Uarabuni kufua nguo za watu. Pasipoti iko tayari. Nimeiona, ameiweka juu ya kabati pale ninapoweka Biblia. Binti ya Gitobu jirani alienda huko. Alirudi mwaka jana na mpaka leo hajaanza kuongea.

Kwa hivyo nalichukia sanduku na naliombea. Soma hiyo pia, Sista.


Alhamisi, 9 Oktoba

Hakuna mvua. Nimekula githeri. Nkirote hajala, ati anaunganisha waya.


Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimewaona wenzake wawili anaofanya nao hii kazi ya sanduku.

Wa kwanza ni Njue, kutoka Embu. Mrefu, kimya, suruali imechanika magoti na ati alinunua ikiwa imechanika. Akaniambia, "Shikamoo, cucu."

Nikamwambia, "Hapa ni Meru. Hapa nyanya ni juju."

"Sawa, cucu."

Akaenda kwa ghala akakaa mpaka jioni. Alikula sahani mbili, hakusema neno. Mtu asiyeongea na anakula hivyo ana kitu anaficha.

Wa pili ni Murithi, mtoto wa mzee wa kanisa kule Kaaga. Huyo ni mtu. Tai, viatu vinang'aa, aliombea chakula mpaka mchuzi ukapoa. Kazi yake si kutengeneza, kazi yake ni kufanya watu wajue. Alisema, "Juju, kitu kizuri bila uzinduzi ni kama bibi harusi bila harusi." Nilimpa kipande cha kuku cha mguu.

Wakanionyesha yaliyo ndani. Gemu ya kwanza ni mpira wa Wazungu. Ya pili ni mwanamume anaingia nyumba za watu na kuwapiga risasi, hasalimu hata mmoja. Nilifumba macho. Ya tatu ameichora Nkirote mwenyewe: mtu wa bodaboda amebeba mikungu ya ndizi kutoka Mitunguu, anapanda nayo Nkubu mpaka Meru, barabara ni matope, ndizi zinaanguka ukikosea kona. Hapo Murithi akacheka.

"Hiyo ya ndizi tuifiche. Watu hawataki kuona shamba. Shamba wanalo nyumbani."

Njue akasema, "Hiyo ndiyo yetu peke yetu." Maneno yake ya kwanza na ya mwisho siku hiyo.

Mimi nilimuunga mkono Murithi. Nani anataka kuangalia matope kwa TV na yako mlangoni?

Isipokuwa hayako. Hakuna mvua.


Ijumaa, 17 Oktoba

Imekuja! Ilianza na upepo wa mavumbi, halafu matone makubwa, halafu ikamwagika. Nilishukuru Mungu kwa sauti, na dakika hiyo hiyo nikakosea kwa sauti ile ile.

Ndugu yangu wa Mitunguu alikuwa amenitumia mikungu ya ndizi, nauzia hawa wanafunzi pale langoni. Yule wa bodaboda akaingia ua mbio kukimbia mvua, pikipiki ikateleza, mikungu yote kwa matope. Akasimama pale akinawa uso na mvua, ananiambia, "Pole, mathe."

Nilimwambia: "Wewe mwana wa nani? Umelala juu ya pikipiki kama godoro? Hizo ndizi ni za mama yako? Okota! Okota moja moja! Na hiyo pole yako irudishe mfukoni. Pole haipikwi! Nitaiweka kwa sufuria niwape watu pole na chumvi?"

Akaokota moja moja.

Nkirote alikuwa kwa mlango wa ghala ameinua simu. Wanafunzi wengine pia walikuwa wametoka kuangalia. Watu wa siku hizi hata mvua ikinyesha lazima waishikie simu.

Nimepanda peke yangu mpaka giza likaingia. Hakuna aliyenisaidia, yule wa Embu tu alikuja akachimba mistari miwili, imepinda.


Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Mpangaji wangu Muchangi, naye ni wa Embu, hafuti miguu. Nimemwambia sakafu ya mama yake ingelia.


Jumamosi, 1 Novemba

Maharagwe yametoka. Mistari ya yule Njue imepinda lakini imeota yote, jambo ambalo sikulifurahia.

Leo walikaa mezani kwangu kupanga uzinduzi. Murithi ana karatasi. Hema pale Kaaga, viti vya kukodi, fulana, keki yenye umbo la sanduku, kwaya, emsii, na mgeni wa heshima, mtu mkubwa wa huko ofisini ambaye baba yake Murithi anamjua.

Njue akauliza, "Na watu watacheza saa ngapi?"

"Baada ya mgeni kukata utepe."

"Na mgeni atafika saa ngapi?"

Murithi akacheka kama mtu anayeulizwa mvua inatoka wapi. "Mgeni wa heshima haulizwi saa, bwana."

Mimi nikamwambia Njue kwa ukali kwamba huku kwetu mgeni hatanguliwi na watoto. Maisha yangu yote nimekaa kwa hema nikingoja watu wakubwa: kwa shule, kwa kanisa, kwa maji ya mfereji, kwa mazishi hata, maiti ikingoja na sisi. Ndivyo kitu kinakuwa kitu. Njue aliinama akamaliza chai yake. Nkirote alikuwa anatafuna ukucha.


Ijumaa, 14 Novemba

Kesho. Nimepiga pasi ile nguo ya buluu.


Jumamosi, 15 Novemba

Sista, leo usinipime.

Tulifika Kaaga asubuhi. Hema limekuja, viti vimefungwa vitambaa na riboni kama mazishi ya tajiri. Sanduku liko mbele juu ya meza, limefunikwa kitambaa cheupe na kuzungushiwa utepe, TV kubwa nyuma yake, na masanduku mengine ya kuuza yako chini ya meza. Na watu walikuja! Hiyo siwezi kukataa. Wanafunzi, vijana wa mjini, na wale wenyewe wanaotakiwa, wenye vibanda vya gemu. Kulikuwa na mama mmoja mnene kutoka Embu, anaitwa Karimi, ana vibanda pale mjini kwao na alitoka alfajiri. Alikaa karibu nami. Alikuwa amekuja na padi yake kuukuu kwa mkoba, imefungwa kwa leso kama yai.

Tukaomba. Kwaya ikaimba. Emsii akasema itifaki izingatiwe, halafu akaizingatia yeye mwenyewe, akataja kila mtu aliyevaa koti. Mgeni hajafika. Kwaya ikaimba tena. Vijana wakaanza kusogea mbele, mmoja akagusa kile kitambaa cheupe kidogo tu kwa kidole, kama unavyogusa chapati kujua kama imeiva. Murithi akamchapa mkono.

Karimi akainuka na padi yake. "Kijana, nataka kuona tu kama hii inaingia."

"Mama, tafadhali. Mpaka mgeni."

"Mimi sinunui ng'ombe kabla sijamkamua."

"Mama, kuna itifaki."

"Itifaki inatoa maziwa?" Lakini akarudi akakaa.

Mvua ikaanza. Hema likavuja hapo hapo juu ya mzee wa kanisa. Vijana wakaanza kutoka, mmoja, watatu, halafu kama kuku wakiona mwewe. Karimi aliangalia saa, akafunga padi yake kwa leso, akaniambia, "Mwekuru, mama wewe, mimi barabara ni ndefu." Akaenda. Niliona mgongo wake ukienda kwa mvua na nikajua ndiyo biashara hiyo inaenda, na bado sikufungua mdomo. Mimi! Nilikuwa nangoja mgeni.

Mgeni alifika jua likielekea kuzama, kama lingekuwepo. Akahutubia. Alihutubia juu yake mwenyewe. Alihutubia juu ya barabara. Akasema vijana ni viongozi wa kesho, na hao viongozi walikuwa wameshaondoka. Akakata keki, akamlisha Murithi, Murithi akamlisha yeye, emsii akapiga vigelegele. Wanaume wawili wenye ndevu wakilishana keki mbele yangu. Na mimi sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi.

Halafu utepe. Halafu kitambaa. Murithi akawasha, akachagua ile ya mpira wa Wazungu. Kwa TV kukatokea maandishi, ati inataka intaneti kwanza. Na mvua ilikuwa imekula mtandao. Kikabaki kiduara cheupe kinazunguka, kinazunguka, kama mbuzi aliyefungwa kwa mti. Mgeni akaangalia hicho kiduara, akapiga makofi, akasema, "Safi sana, hii ni teknolojia," akaingia gari. Murithi akaingia naye. Ati wanaenda kuongea zaidi. Hajarudi mpaka saa hii ninapoandika.

Nkirote alisimama pale na fulana yake. Haikuwa imemtosha tangu asubuhi na hakuna aliyeona. Hakulia. Afadhali angelia.


Jumapili, 16 Novemba

Sikuenda kanisa. Sina uso wa kumwekea Mungu.


Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Keki iliyobaki nimewatupia kuku. Jogoo alionja, akafuta mdomo kwa nyasi.

Wakala wa kupeleka wasichana Uarabuni amepiga simu mara nyingi. Nkirote ameenda nje kuongea naye, nyuma ya choo, nisisikie. Akirudi anatabasamu lile tabasamu la mtu anayeuza mbuzi asiyetaka kumuuza.

Njue alifika mchana amelowa mpaka mfupa. Kumbe siku ile ya hema ni yeye aliyebaki akakusanya masanduku yote, akayabeba, akayafungua moja moja na kuyakausha kwa jiko la makaa la dada yake kule Embu, na leo ameyarudisha yamefungwa kwa magunia. Yeye mwenyewe hakujifunga kitu. Hakunieleza hayo. Nkirote ndiye alinieleza. Yeye alisema tu, "Shikamoo, cucu."

Nilimwekea mguu wa kuku.


Jumamosi, 22 Novemba

Niko na hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Alasiri mvua ilikuja na ngurumo, stima ikapotea Nchiru yote. Nilikuwa jikoni napuliza moto. Nikasikia mtu anakaripia watu kule kwa vyumba vya wapangaji. Mwanamke mzee, sauti kama ya msumeno. Nikasema ni nani huyo anakuja kukaripia watu kwa ploti yangu? Kazi hiyo ni yangu.

Nikasikiliza vizuri. "Okota! Okota moja moja!"

Sista, ilikuwa ni mimi.

Nilichukua mwiko nikaenda. Chumba cha Muchangi kilikuwa kimejaa watu mpaka kwa kitanda, kwa meza, mmoja amekaa kwa ndoo. Hakuna stima, lakini sanduku linawaka, kumbe lina betri ndani, na TV ndogo ya gari wameiunganisha hapo. Ni ile gemu ya ndizi. Muchangi anapanda na pikipiki, ulimi nje, anakata kona ya kuingia Nkubu, mikungu ikaenda kwa matope, na mimi kutoka ndani ya sanduku nikapiga kelele: "Pole haipikwi!" Na chumba chote, chote, kikaitikia pamoja nami kama kanisa: "Pole haipikwi!" Wanacheka mpaka mmoja anashika tumbo.

Halafu wakaniona mlangoni na mwiko.

Ikabaki mvua tu kwa mabati.

Nikang'oa waya. Muchangi akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Juju, tafadhali, nilikuwa nimefika Nkubu!"

"Utafika kwa mama yako."

Nkirote akaja mbio, Njue nyuma yake. Nikawauliza nani alinitia ndani ya hiki kitu. Nkirote akasema ni yeye, alinirekodi siku ile ya mvua ya kwanza. Njue akasema ni yeye aliyeliwasha leo, kwa sababu stima imepotea na wanafunzi hawana la kufanya. Kila mmoja alitaka kosa liwe lake. Hilo niliona, lakini sikutaka kuliona.

Nikawaambia, "Mtu akiniibia kuku namjua ni mwizi. Huyu aliyeniibia mdomo tumwite nani?"

Nimesema nitolewe humo ndani, na upesi.


Jumapili, 23 Novemba

Sijaongea na mtu. Wanafunzi wa ploti zingine wamekuja langoni kuuliza kama "ile gemu ya nyanya" iko hapa. Nimewafukuza. Nilivyokuwa nawafukuza, msichana mmoja alimshika mwenzake mkono akamwambia, "Ni yeye! Ni yeye mwenyewe!" Wakasimama kwa mvua wakinisikiliza niwatukane mpaka nimalize, halafu wakasema asante.

Asante! Watu wazima, wazazi wao wanalipa karo.


Alhamisi, 27 Novemba

Karimi wa Embu amekuja. Amevaa gamubuti za matope, na ile padi yake kwa leso. Muchangi alikuwa ametuma kwao video ya siku ile ya ngurumo, ikazunguka mpaka ikamfikia.

Hakutaka soda. Hakutaka maneno. Alisema, "Washa." Nkirote akawasha. Karimi akachomeka padi yake kuukuu, ikaingia, akakubali kwa kichwa. Akakaa kwa kile kiti changu cha kamba akacheza. Chai ilipoa karibu naye ikafanya ngozi. Alianguka, nikamkaripia kutoka kwa sanduku, akacheka peke yake, akarudia. Alianguka tena.

Halafu akauliza kama mtu anayepapasa ng'ombe.

"Stima ikienda?"

"Inaendelea," Njue akasema. "Saa kadhaa."

"Intaneti?"

"Hiyo ya ndizi haitaki. Zile zingine za Wazungu tumezitoa."

"Watoto wangu wa kibanda wakiiangusha?"

Njue alichukua sanduku akaliachilia lianguke kwa sakafu yangu. Akaliwasha. Likawaka. Karimi akacheka.

"Na huyu nyanya anakuja ndani, ama anauzwa kando?"

Nkirote akaangalia chini. "Tunamtoa, aunti. Mwenyewe amekataa."

Karimi akaweka padi chini, akaanza kuifunga na leso. "Basi usiniletee. Mpira niko nao, bunduki niko nazo. Kutukanwa na nyanya sina."

Wote wakaniangalia. Nkirote tu ndiye hakuniangalia, na hiyo ndiyo ilinichoma. Hata kuniomba hataki. Nilisema ng'ombe hajakunywa maji, nikatoka. Ng'ombe alikuwa amekunywa.


Ijumaa, 28 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimekaa na ng'ombe nikafikiri, kwa hivyo leo ni ndefu.

Kinachonichukiza ni hiki. Miaka yote nimewaambia watoto wangu, wajukuu, wapangaji, mume wangu akiwa hai: futa miguu, okota ulichoangusha, usiombe msamaha bila kurudisha kitu. Wakaziba masikio. Wakasema juju ana mdomo. Sasa yale yale maneno yakitoka kwa kisanduku, wanakaa kwa ndoo kuyasikiliza na wanang'ang'ania zamu. Ni kama kukataa maji ya kisima halafu uyanunue kwa chupa.

Kingine kinachonichukiza ni mimi na lile hema. Sokoni Gakoromone, anayeuza maparachichi hukata moja akakupa uonje, hangoji diwani aje akate. Hilo nalijua tangu niko msichana. Lakini walipoleta kitambaa cheupe na emsii, nilisahau, kwa sababu sisi watu wa huku tukiona viti vimevalishwa nguo tunakuwa kondoo. Yule wa Embu aliuliza watu watacheza saa ngapi, nami nikamkemea.

Murithi alikuja mchana, viatu vinang'aa kwa matope haya, sijui anavibeba mkononi. Amesikia watu wanaipenda. Ati tufanye uzinduzi wa pili, mgeni amekubali kurudi, na uso wangu utawekwa kwa bango kubwa.

"Siku ile uliingia gari ya nani?" nikamuuliza.

"Juju, ile ilikuwa kutafuta watu wa kutusaidia."

"Mjukuu wangu alibaki na keki kwa mvua."

"Pole sana, juju, kweli..."

Akasikia mwenyewe alichosema. Kutoka kwa ghala nikasikia Njue anakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kitu. Murithi alivaa kofia akaenda. Sikumpa kuku wa aina yoyote.

Jioni niliingia chumbani kutafuta Biblia. Pasipoti ilikuwa imehama. Iko kwa mkoba wa Nkirote, mkoba umefungwa, uko karibu na mlango.


Jumamosi, 29 Novemba

Nimewaita wote wawili mezani asubuhi kabla ya chai. Nimesema sauti ibaki.

Nkirote alinikumbatia shingoni akanilowesha shuka kwa machozi. Nikamwambia awache, niko na masharti. Kwanza, hiyo ya siku ile ya mvua nilikuwa nimechoka, nilimkaripia yule kijana nusu nusu. Nitakaripia upya, vizuri. Pili, anayepita kwa shamba la mtu na pikipiki anyang'anywe ndizi zote. Tatu, mkoba ule utoke mlangoni.

Njue akaleta simu na kunifunika kichwa na blanketi, ati sauti ya mvua isiingie. Nilikaripia mpaka nikasikia njaa.

Halafu Nkirote akasema, "Juju, sasa tunataka ya sifa. Mtu akifika Meru na ndizi zote, hajaangusha hata moja, unamwambia nini?"

Nikafikiri.

"Namwambia: Umechelewa."

"Hivyo tu?"

"Kwani ulitaka nimpigie vigelegele? Ndizi kufika ndiyo kazi yake."

Njue alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Ana cheko zuri, kama gari ikikubali kuwaka.


Jumamosi, 6 Desemba

Embu. Karimi alisema niende nijionee. Kibanda chake kiko karibu na soko, mlango wazi, hakuna hema, hakuna kitambaa, hakuna mtu wa koti. Sanduku limewekwa pale kwa meza, linawaka, na anayeingia anashika. Hayo tu. Anayecheza vibaya anachekwa, anayepita njiani anasimama kuona wanacheka nini, halafu naye anaingia. Nimeona mwanamume wa kuuza makaa akicheza na mikono myeusi, na mwalimu mwenye miwani nyuma yake akimwambia, "Toka bwana, umeshaanguka." Wenye vibanda wengine walikuja kupeleleza wakijifanya wanunuzi wa mboga. Masanduku yaliyokuwa kwa magunia yaliisha, na aliyekosa alimgombeza Njue kama ndiye aliyezuia mvua. Njue akawaambia warudi baada ya wiki mbili, anatengeneza mengine.

Mimi nilikaa nyuma na soda, na nilichukizwa vizuri sana. Kelele, jasho, vijana wanapigana mabega. Kijana mmoja alimkanyaga mwenzake akasema pole, na barabara nzima, mama anayeuza nyanya na watu wa pikipiki, ikamjibu: "Pole haipikwi!" Mji wa watu! Nyumbani kwao wana wazee.

Halafu msichana mmoja mwembamba akafika Meru. Na ndizi zote. Kibanda kizima kikageukia TV. Mimi kutoka kwa sanduku nikamwambia, "Umechelewa."

Alipiga magoti akalia kwa furaha.

Mimi niliweka soda chini. Sijui ni kitu gani kiliniingia kwa macho, labda ni vumbi la yule wa makaa.


Jumanne, 9 Desemba

Sista Wambeti amenipima. Imeshuka. Akaniuliza, "Juju, ni kweli ni wewe? Watoto wangu wanataka kujua." Nikamwambia watoto wako wafute miguu.


Ijumaa, 12 Desemba

Leo ni sikukuu ya Jamhuri, shamba limefunga maharagwe, na mistari iliyopinda ndiyo imebeba zaidi. Njue ananiita cucu bado. Nimewacha.

Simu ya Nkirote ililia mezani yeye akiwa ghalani. Nikaishika. Ni wakala.

"Mwambie Nkirote tiketi imetoka. Aje Nairobi kesho, asikose."

"Wewe mwana wa nani?" nikamuuliza.

"Mathe, mimi ni..."

"Sijakuuliza cheo. Nimeuliza ukoo. Una dada? Yeye anafua nguo za nani? Binti ya Gitobu ulimpeleka anaongea, tukarudishiwa bubu. Mrudishe kwanza huyo vile alivyokuwa, ndiyo uje kuniombea mwingine. Wangu haendi. Wangu ana kazi, na masanduku aliyonayo hayatoshi wanaoyataka."

"Pole, mathe, sikujua..."

Sikumaliza hata kupumua nikamjibu, na wewe, Sista, unajua nilimjibu nini. Akakata.

Nilipogeuka, Nkirote alikuwa amesimama mlangoni, ameshika simu ya Njue juu, imewaka. Njue nyuma yake amemshikia mwavuli. Uso wa Nkirote ulikuwa umelowa, na mwavuli ulikuwa juu yake.

"Mmenirekodi tangu mwanzo?" nikauliza.

Njue akakataa kwa kichwa. "Tulianzia kwa Gitobu, cucu. Ile ya mwana wa nani imetupita."

Kazi nusu nusu. Nikachukua simu nikampigia yule wakala tena.